"Nesi, nilikuwa kwenye siku salama": elimu ya uzazi shuleni iwe sahihi, nusu nusu inawaumiza watoto

Muuguzi wa Zamu

Wakuu, habari za saa hizi.

Mimi ni muuguzi kwenye zahanati ya kata, upande wa mama na mtoto. Uzi utakuwa mrefu kidogo, naomba mnivumilie, na naomba mtu asirukie kwenye "maadili yameporomoka" kabla hajafika mwisho.

Mabinti wanaokuja kupima mimba huku sare ya shule imekunjwa ndani ya mkoba, wengi wao walifundishwa. Hilo ndilo linalonisumbua. Binti anakaa kwenye benchi, anakuhesabia kwa vidole tangu siku aliyoona damu, kisha anakuambia kwa uhakika kabisa: "Nesi, lakini mimi nilikuwa kwenye siku salama." Ukimuuliza hesabu hiyo kaipata wapi, anakujibu darasani, au kwa rafiki aliyeipata darasani, au kwenye kalenda inayozunguka WhatsApp: hatari ni siku ya 10 hadi ya 17, kwingine kote ruksa.

Hesabu hiyo ni ya mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 usioyumba. Yai linatoka takriban wiki mbili KABLA ya hedhi inayofuata. Sehemu hiyo ya mwisho ya mzunguko ndiyo inayokaa karibu vilevile kwa wanawake wengi. Inayorefuka na kufupika ni ile ya mwanzo. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu siku ya 21, na mwenye mzunguko wa siku 23 hutoka karibu siku ya 9. Sasa ongeza hili: mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5 zikisubiri yai. Binti wa mzunguko wa siku 23 akilala na mwanaume siku ya 5, damu ndiyo kwanza inakatika, anaweza kushika mimba. Kwenye kalenda yake siku hiyo imeandikwa salama.

Tena hapo nazungumzia mtu mzima. Msichana aliyevunja ungo mwaka jana mzunguko wake haujatulia. Mwezi huu siku 25, mwezi ujao 40, wa tatu asione kabisa. Kwa mtoto wa miaka 14 hakuna kalenda ya kutegemea. Sentensi hiyo moja ingetamkwa darasani bila kuzungushwa, baadhi ya hawa ninaowapima wangekuwa shuleni leo. Wengi pia hawajui kwamba yai la kwanza linaweza kutangulia damu ya kwanza, kwa hiyo hata ambaye hajaona hedhi anaweza kupata mimba.

Kuna mengine ninayoyasikia kila wiki. Kwamba mara ya kwanza haishiki. Kwamba ukisimama, au ukikojoa na kujisafisha mara baada ya tendo, inatoka. Hakuna hata moja lenye ukweli.

Halafu kuna mkanganyiko wa saa 72. P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, vinatakiwa kumezwa mapema ndani ya saa 72, na kila saa inavyopita nguvu yake inapungua. Dawa za kuzuia VVU baada ya mtu kuwa kwenye hatari, zile tunazoziita PEP, nazo zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kila siku kwa siku 28. Namba ni moja, vitu ni viwili tofauti kabisa. Nimekutana na mabinti waliomeza P2 wakaondoka wakiamini wamejikinga na Ukimwi. P2 haizuii VVU, haizuii kaswende wala kisonono, haitoi mimba iliyokwisha kutunga, na haimlindi mtu kwa tendo la kesho.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya wasichana wa Tanzania wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 22. Imeshuka, tushukuru. Lakini bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano.

Sidai somo jipya. VVU na magonjwa ya zinaa yamo kwenye Baiolojia tangu Kidato cha Kwanza, na mada ya uzazi ipo. Ninachoomba ni kwamba kinachofundishwa kiwe kweli tupu na kifundishwe hadi mwisho.

Baba Wawili

Nesi, nakuheshimu kwa kazi yako na nimesoma yote. Lakini mimi ni mzazi, nina binti na wa kiume. Hofu yangu ni hii: mtoto ambaye hakuwa na wazo lolote, ukamweleza siku, ukamweleza kondomu, ukamweleza P2, umeshamfungulia mlango. Kwetu mambo haya hayasemwi mbele ya watoto. Tulikua bila kuambiwa, na wazazi wetu walitulea kwa heshima. Kwa nini shule isifundishe kuacha tu? "Subiri hadi ndoa", basi. Hiyo nayo ni sahihi asilimia mia.

Binti Kitangari

Kaka Baba Wawili, shikamoo. Unaposema kwetu hayasemwi, kwetu wapi? Mimi ni Mmakonde wa Newala. Kwetu yanasemwa, tena kwa ngoma na kwa nyimbo, na kuna mtu maalumu wa kuyasema. Unyago ni nini kama si hilo? Wayao wanayo, Wamwera wanayo, Wazaramo walimweka mwali ndani akawa na kungwi wake. Zanzibar Bi Kidude, mbali na taarabu, alikuwa mwalimu wa unyago hadi uzeeni na watu walimheshimu kwa hilo. Babu zetu walijua kuwa mtoto akibadilika mwili lazima aambiwe, na walijua pia kuwa mama mzazi ataona haya, ndiyo maana wakampa kazi hiyo somo, yaani kungwi wa mwari.

Lakini sitaki kuupamba unyago. Zamani mwari alichezwa baada ya kuvunja ungo, na ndoa haikuwa mbali. Siku hizi watoto wanaingizwa wakati wa likizo wakiwa darasa la tatu au la nne, na kuna makungwi wanaowafundisha mambo ya kumridhisha mwanaume, mtoto wa miaka tisa, halafu Januari anarudi darasani. Wanatoka wakijua kukata kiuno bila kujua mimba inaingiaje. Usafi wa hedhi wanafundishwa vizuri sana, nakiri, mimi mwenyewe nilivyojitunza ni kwa sababu ya somo wangu. Lakini kuhusu yai na siku, hakuna aliyetuambia hata neno, kwa kuwa naye hakuambiwa.

Kwa hiyo ukisema shule inyamaze, hujamwacha mtoto bila mwalimu. Umemwachia yule mwingine.

Ustadhi Mwinyi

Assalam alaykum. Mimi nasomesha madrasa, Tanga. Naomba niongeze kwa upande wangu kwa sababu dini huletwa sana kama kizuizi kwenye mjadala huu.

Mtoto wa madrasa akifika kwenye mlango wa twahara, yaani usafi wa ibada, anasomeshwa hedhi kwa uwazi na kwa namba. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, uchache wa hedhi ni siku moja na usiku wake, wingi wake siku 15, na kwa kawaida ni siku sita au saba. Anasomeshwa tofauti ya hedhi na istihadha, damu inayotoka nje ya hedhi. Anasomeshwa alama za kubaleghe: kuota, hedhi kwa msichana, na yasipotokea hayo, kutimiza miaka 15 ya Hijria. Mvulana anasomeshwa kutofautisha majimaji yanayomtoka, manii, madhii na wadii, kipi kinawajibisha josho na kipi kinatawadhiwa. Mwalimu hasemi kwa mafumbo, kwa sababu akisema kwa mafumbo mtoto ataswali bila twahara.

Hakuna mzazi aliyewahi kunijia kulalamika kuwa nimemharibia mwanawe kwa kumsomesha janaba. Haya katika dini yana mahali pake: yanahusu elimu, na elimu husemwa ilivyo.

Msimamo wangu kuhusu zinaa haujabadilika, ni haramu na nitaendelea kuwaambia hivyo. Lakini kumwambia kijana kuwa jambo ni haramu na kumwambia uongo kuhusu mwili wake ni mambo mawili. Nesi akisema kondomu inapunguza sana hatari ya VVU, ni kweli. Nikisimama mbele ya wanafunzi nikasema kondomu zina matundu yanayopitisha virusi, kama nilivyosikia wengine wakisema, nitakuwa nimesema uongo kwa jina la dini. Sithubutu.

Muuguzi wa Zamu

Ustadhi, Mungu akulipe. Sijawahi kusikia hoja hii ikiwekwa hivi.

Baba Wawili, hofu yako naielewa na sitaipuuza. Swali lako la "kwa nini tusifundishe kuacha tu" lilishajaribiwa mahali penye fedha nyingi. Marekani walitumia mabilioni ya shilingi zetu kwenye programu za aina hiyo, shule inafundisha kusubiri ndoa na si zaidi. Bunge lao likaagiza zipimwe. Ripoti ilitoka 2007: programu 4, vijana zaidi ya 2,000, waliopitia na wasiopitia. Makundi yote mawili yalianza ngono kwa umri uleule wa wastani, karibu miaka 15. Hakukuwa na tofauti.

Kwa upande mwingine, UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, pamoja na WHO, lile la afya, na wenzao walipotoa upya mwongozo wao mwaka 2018 walipitia tafiti nyingi za nchi mbalimbali. Elimu kamili ya uzazi haikuonekana kuwaharakisha watoto kuanza. Baadhi yao walichelewa zaidi, na walioanza walijikinga zaidi. Kusubiri kumo ndani ya elimu hiyo, tena mwanzoni. Mimi mwenyewe ninapoalikwa shuleni ndilo ninaloanza nalo. Ila siishii hapo.

Ticha wa Kata

Naunga mkono hoja, lakini mtutendee haki na sisi walimu.

Nafundisha Baiolojia sekondari ya kata. Mada ya uzazi inafundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wangu anaweza kuchora mzunguko wa hedhi na homoni zake zote, akapata alama kamili, na asijue kuwa mchoro ule ni wa mwili wake. Nimewahi kumuuliza mwanafunzi aliyeongoza mtihani maana ya alichoandika kwa lugha ya nyumbani, akanyamaza. Na kwenye mchoro wa kitabu yai linatoka siku ya 14. Mfano wa siku 28 ndio pekee uliopo, kwa hiyo watoto wanaukariri kama sheria. Nesi, hapo ndipo "siku salama" inapozaliwa. Mwalimu wala hajasema uongo, amesoma mchoro.

Siku hizi nikimaliza mchoro nafunga kitabu. Nachora mistari mitatu ubaoni, siku 23, 28 na 35, nawaambia wahesabu wenyewe kutoka mwisho kurudi nyuma wiki mbili. Kisha narudi nyuma tena siku 5 za mbegu. Nawaacha wagundue kuwa ukiweka mistari yote mitatu pamoja, kuanzia siku ya 4 hadi ya 21 karibu hakuna siku inayobaki. Darasa linakuwa kimya, wale wavulana wa nyuma wanaocheka kila mara nao wanahesabu.

Walimu wengi wanairuka mada. Wanasema "mtajisomea". Sababu si uvivu. Chuoni hatukufundishwa namna ya kusimama mbele ya watoto 80 na kutaja viungo vya uzazi. Mwalimu wa kiume kijana akieleza hedhi, kesho kutwa mzazi yuko ofisini anauliza alikuwa anamtongoza nani. Nimeshaitwa hivyo. Mkuu wa shule akisimama na wewe unapona, asiposimama unajifunza kunyamaza.

Mwalimu Darasa la Nne

Kwa shule ya msingi pia. Sisi tunaanza na majina. Mtoto akijua jina halisi la kila kiungo na akajua kuna viungo ambavyo hakuna mtu anayeruhusiwa kuvigusa, hata mjomba, hata mwalimu, siku akifanyiwa kitu ataweza kukieleza. Na ajue namba 116, simu kwa mtoto, ni bure. Wavulana nao wafundishwe, wanaumizwa na hawasemi.

Kijana CTC

Huwa nasoma tu humu, leo naandika.

Nilizaliwa na VVU. Nimeanza kumeza dawa kabla sijajua ni za nini. Nilipokuwa kidato cha kwanza mwalimu alikuja na picha ya mtu aliyekonda amelala kitandani, akasema huyu ndiye mgonjwa wa Ukimwi, ukipata huu ugonjwa umekwisha, na wanaopata ni wale wasiotulia. Darasa zima lilikuwa linaitikia. Mimi nilikuwa nimekaa dawati la pili. Niliporudi nyumbani nikaacha dawa. Nilisema kama nimekwisha, nazimezea nini. Nikaugua hadi kulazwa. Mshauri wa CTC, kliniki ya VVU, ndiye aliyenirudisha, mungu ambariki.

Leo nina miaka 23, nafanya kazi, kipimo cha wingi wa virusi kinasema havionekani. Mtu anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Hilo linajulikana kisayansi kwa miaka sasa, na dawa ni bure. Kila shule kubwa ina mtoto kama mimi amekaa dawati fulani. Mwalimu anapotia watu hofu ili waache ngono, ajue kuna mmoja anayemsikiliza kuhusu uhai wake.

Muuguzi wa Zamu

Kijana CTC, asante kwa kuandika. Nimekusoma mara mbili. Wauguzi wenzangu humu mnaojua vijana walioacha dawa kwa maneno ya darasani, hii ndiyo sura yake.

Mama wa Kisii

Nawasalimu kutoka Kenya. Huku kwetu hali inatofautiana kaunti kwa kaunti kiasi cha kushangaza. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipata asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba kwa nchi nzima. Lakini Samburu ni asilimia 50, na Nyeri asilimia 5. Nchi moja, silabasi moja! Kwa hivyo tusiiwekee shule mzigo wote. Kule Samburu msichana hata kufika darasani ni vita, kuna ukeketaji na ndoa za mapema. Elimu sahihi haimsaidii ambaye hayuko darasani.

Serikali zetu mbili, yenu na yetu, zilitia sahihi ahadi ya pamoja ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika huko Cape Town Disemba 2013, kuwapa vijana elimu hii. Huku kwetu kila inapokaribia kutekelezwa viongozi wa dini na wazazi wanapinga, wizara inarudi nyuma. Ningetamani viongozi wetu wamsome huyo Ustadhi.

Wakili wa Mtaa

Kwa kifupi upande wa sheria, Tanzania. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumpa mimba mwanafunzi au kumuoa ni kifungo cha miaka 30. Vijana wengi wa kiume hawaijui sheria hii hadi siku ya kukamatwa. Na aliyejifungua anaweza kurudi shuleni: Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 uliruhusu, ndani ya miaka miwili tangu aache. Bado nakutana na wazazi wanaoamini marufuku ya zamani ipo. Haya nayo yafundishwe, ni sehemu ya usahihi.

Fundi Simu

Sisi wavulana ndio hatukuambiwa chochote. Wasichana wanatolewa nje na matroni, sisi tunabaki tunapiga kelele. Nilipoota mara ya kwanza nilidhani naumwa. Nikaenda kuuliza kwenye simu, na mnajua simu inajibu nini, video za ngono. Nilikuwa na miaka 13. Kwa muda mrefu nilidhani mwanamke akisema hapana ndivyo inavyoanza. Hakuna mtu mzima aliyeniambia vinginevyo. Wakati mnapanga haya, mtuhesabu na sisi.

Baba Wawili

Nimerudi. Nimekaa na uzi huu tangu jana na nimemsomea mke wangu aliyoandika Kijana CTC na huyu wa simu.

Bado sitaki mwanangu wa miaka tisa afundishwe kondomu. Hapo sijahama. Lakini nakubali kwamba anachofundishwa kisiwe uongo, na kwamba nikinyamaza mimi kuna anayesema. Nesi, binti yangu yuko darasa la nne, ana miaka tisa. Yule mkubwa wa kiume ana 14. Nianzie wapi? Naomba uniambie kama unavyomwambia mtu aliyekuja zahanati.

Muuguzi wa Zamu

Kaka, hata mimi simfundishi wa miaka tisa kondomu. Mwongozo wa UNESCO nao unagawa mambo kwa umri.

Binti: mama yake amwambie sasa, kabla damu haijaja, kwamba siku moja ataona damu na si ugonjwa wala jeraha. Wengine huona wakiwa na miaka tisa au kumi. Amwonyeshe pedi inavyowekwa, aweke moja kwenye begi la shule, na amwambie ni mwalimu gani wa kike wa kumwendea ikimkuta darasani. Miezi ya mwanzo damu ikiruka mwezi asiogope. Baada ya hapo majina ya viungo na nani asiguse, kama alivyosema Mwalimu Darasa la Nne. Yai na mimba atakuja kuuliza mwenyewe. Akiuliza, mjibu alichouliza, usimzidishie na usimdanganye.

Wa kiume zungumza naye wewe, mkiwa njiani au mnafanya kazi, usimkalishe kikao. Muulize ameshasikia nini. Utashtuka, usionyeshe. Ndoto nyevu, sheria ya miaka 30, maana ya hapana, halafu mistari mitatu ya Ticha wa Kata, mchoree hata kwenye vumbi.

Na kuna jambo moja la wiki hii hii. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Binti yako ameshafika umri. Haihusiani na kuanza ngono, inatolewa mapema kwa sababu inafanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajakutana na kirusi. Uliza shuleni kwao wanachanja lini, na kama wameshapita, mlete zahanati na kadi yake.

Baba Wawili

Kadi ipo. Jumatatu mama yake atampeleka.